Maharage 200 juu ya meza ya daktari

Kopo lilikuwa la bati, la kahawa, na kwa miaka mingi Baba amekuwa akiwekea misumari humo. Jumamosi ile nilikuwa Kibosho, natafuta msumari wa kutundikia kalenda ya parokia. Nikaingiza vidole, nikatoka na vidonge. Nilivimwaga mezani nikavihesabu. Vilikuwa 21. Ilikuwa siku ya 21 tangu nimpeleke kliniki, na daktari alikuwa amemwandikia kidonge kimoja kila jioni.

Baba hasahau. Mtu anayekumbuka mwaka uliopandwa kila mti wa kahawa kihambani kwake hawezi kusahau kidonge cha jioni.

"Baba, hizi dawa vipi?"

"Kila jioni nakitoa kimoja kwenye karatasi yake, nakiweka humo."

"Kwa nini humezi?"

Aliendelea kunoa panga. "Niliambiwa nimeze, mama. Sikuulizwa."

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Moshi. Si mtu wa tiba, na ninayoandika hapa si ushauri wa dawa kwa mtu yeyote. Lakini neno lile, "sikuulizwa," nimelibeba mwaka mzima, na sasa nataka kueleza lilitupeleka wapi.

Baba ana miaka 74 na presha ya siku nyingi. Mwaka jana alianza kuchoka akipanda kilima kidogo tu, akawa anasema moyo wake unapapatika kama kuku aliyefungiwa kwenye tenga. Kipimo cha moyo kilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Nilivyokuja kuelewa baadaye, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa, damu inatuama pembeni kama maji ya mfereji ulioziba, inaganda, kisha kipande kikichomoka na kupanda kwenye ubongo kinaleta kiharusi. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa Baba dawa hiyo ilikuwa warfarini.

Kliniki ile siitaji, na daktari wake sina kinyongo naye. Nje tulikuwa tumejipanga watu wasiopungua arobaini, na wengine walitoka mbali kuliko sisi. Alisoma karatasi, akaandika, akasema, "Mzee, moyo wako una shida, utameza hii kila siku, usiache, na mboga za majani punguza." Akaniuliza mimi kama nimeelewa. Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi ambaye darasani mtoto akitikisa kichwa namwambia, "Njoo ubaoni unionyeshe," nilitikisa kichwa, nikamshika Baba mkono, tukatoka.

Jioni ya Jumamosi ile nilimpigia kaka yangu wa Dar es Salaam. Kwetu kaka mkubwa akishasema, jambo limesemwa. Alikasirika, akataka Baba asimamiwe ameze mbele ya mtu. Kesho yake asubuhi shemeji akatuma ujumbe kwenye kundi la familia, herufi kubwa tupu: dawa hiyo ni sumu ya panya, msimpe mzee. Kufikia mchana familia ilikuwa imegawanyika, na Baba, mwenye moyo wake, hakuwa na habari kwamba anajadiliwa.

Nilitafuta habari ya sumu ya panya nikitegemea kukuta uzushi. Ni kweli. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya klova yaliyooza. Maabara ya Karl Paul Link, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, iligundua kemikali iliyokuwa ikizuia damu isigande, na kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama dawa ya kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa alipopata shambulio la moyo. Kwa hiyo shemeji hakusema uongo. Alisema nusu tu. Kinachoua panya ndicho kinachozuia damu ya mtu isigande moyoni. Kinachotofautiana ni kipimo, ndiyo maana mwenye kuimeza lazima damu yake ipimwe mara kwa mara kwa kipimo kinachoitwa INR, na kwa ugonjwa wa Baba kinatakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, dawa haikusaidii. Kikipanda sana, unavuja damu.

Hayo hatukuambiwa. Labda tuliambiwa kwa haraka, yakapita.

Kaka naye alikuwa na hoja yake. Alisoma mahali kwamba warfarini inapunguza kiharusi kwa asilimia 64. "Sitini na nne! Unataka nini tena?" Hapo ndipo ualimu ulipoamka ndani yangu. Swali la kwanza ninalomfundisha mtoto wa darasa la tano kuhusu asilimia ni: asilimia ya nini? Ukimpunguzia mwenye madeni ya milioni kumi asilimia 64, umemwokoa. Ukimpunguzia mwenye deni la shilingi mia, umempunguzia shilingi 64, na huenda nauli ya kuja kwako imezidi hapo.

Kosa hili limewahi kuumiza watu wengi. Oktoba 1995 mamlaka za dawa za Uingereza ziliwatangazia madaktari kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza hatari ya damu kuganda maradufu, na habari ikaenea kwenye magazeti na televisheni. Maradufu! Wanawake wengi waliogopa, wakaacha. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, mmoja alipata tatizo hilo, kwa vidonge vipya, wawili. Mmoja alikuwa wawili, na hayo kweli ni maradufu. Mwaka uliofuata utoaji mimba Uingereza na Wales uliongezeka kwa takriban 13,000, na mimba pamoja na utoaji wake huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Nikifikiria wanawake wale napata hasira ya kiualimu kabisa. Walipewa namba, wakanyimwa swali la "kati ya wangapi?"

Basi nilichukua daftari nikaandika maswali matatu. Kati ya watu kama Baba, wangapi watapata kiharusi wasipomeza kitu? Wangapi wakimeza? Na dawa yenyewe itaumiza wangapi? Tukaenda kwa daktari mwingine, dada mdogo kuliko mimi, kwenye hospitali nyingine ambayo nayo siitaji, ili nisije nikamletea foleni au lawama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

Alivuta kiti akakaa upande wa Baba, si wangu. Nilisoma maswali yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye chumba cha daktari: "Najua kwa ujumla, lakini namba kamili zinazomfaa mzee sinazo kichwani. Nipe hadi Alhamisi. Njooni saa tisa, foleni itakuwa imeisha." Tulipokuwa tunaondoka akamgeukia Baba. "Mzee, nikikutajia neno kiharusi, unaona nini?"

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamweleza habari za kaka yake, baba yangu mkubwa, aliyelala upande mmoja miaka minne, akigeuzwa na wake za wanawe, akisikia yote na asiweze kusema. Nilikuwepo miaka ile yote, nilimpelekea mtori, na sikuwahi kujua kwamba Baba alikuwa akirudi kutoka kule anakaa migombani peke yake hadi giza linaingia.

Jumatano nilipita soko la Mbuyuni nikanunua maharage ya rangi tatu: ya njano kilo moja, mekundu na meusi kidogo kidogo. Muuzaji alidhani nataka mbegu. Nilikuwa nimeamua kwamba chochote atakachotuambia daktari, Baba atakiona kwa macho. Asilimia ni lugha ya shule. Baba aliishia darasa la nne, lakini amehesabu debe za kahawa maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpunja.

Alhamisi daktari alikuwa na karatasi yenye mwandiko wake. Majaribio makubwa matano ya warfarini yalifanyika Denmaki, Marekani na Kanada, na mwaka 1994 matokeo yake yaliunganishwa pamoja. Kati ya watu 100 wenye moyo wa namna hii wasiopewa dawa, 4.5 walipata kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 100 waliopewa warfarini, 1.4. Nikasema huwezi kupasua mtu nusu, tufanye watu 200. Daktari akatabasamu, akafunika meza kwa jalada la faili, tukaanza kuhesabu.

Maharage 200 ya njano. Hawa ni wazee 200 kama Baba, mwaka mmoja, bila dawa. Tukatoa tisa tukaweka meusi tisa: kiharusi. Tukatoa mawili tukaweka mekundu mawili: kuvuja damu vibaya, kwa maana hata asiyemeza kitu anaweza kuvuja. Waliobaki salama ni 189. Baba aliinama akayatazama. Nadhani alitegemea kuona meza nyeusi tupu, kwa jinsi tulivyomtisha.

Pembeni tukapanga 200 wengine, wanaomeza warfarini. Meusi yakawa matatu. Kwa mekundu daktari alisita. Alieleza kwamba katika majaribio yale ya zamani waliovuja damu walikuwa wachache, lakini washiriki walichaguliwa kwa uangalifu na kufuatiliwa kwa karibu. Katika jaribio jipya zaidi la mwaka 2011, waliotumia warfarini walivuja damu vibaya kama watatu kwa kila mia kwa mwaka. "Afadhali nikupe hesabu ngumu, mzee, kuliko nikupambie." Akaweka mekundu sita.

Kwa hiyo dawa ilikuwa imeondoa meusi sita na kuleta mekundu manne. Nilihisi kichwa kinanizunguka. Nilikuwa nimekuja nikiamini namba zikishakaa vizuri jibu litajitokeza lenyewe, kama hesabu ya ubaoni. Halikujitokeza. Sita kwa manne. Mwalimu mzima nikakwama, kwa sababu kutoa yale kwenye haya hakuna maana mpaka mtu aseme harage jeusi moja lina uzito wa mekundu mangapi. Na anayejua uzito huo si mimi wala daktari wala kaka yangu wa Dar.

Baba alinyoosha mkono akashika jekundu moja. "Huyu anakuwaje?"

"Wengi wao wanalazwa, wanaongezewa damu, wanarudi nyumbani," daktari akamjibu. "Lakini mmoja au wawili kati ya hawa sita damu inavuja ndani ya kichwa. Hao hali yao ni mbaya kama kiharusi, au zaidi."

"Na mimi ni lipi?"

"Sijui, mzee. Hakuna anayejua. Najua idadi tu."

Baba alitingisha kichwa taratibu. Ameniambia tangu siku ile kwamba hapo ndipo alipoanza kumwamini. Daktari wa kwanza alizungumza kama mtu aliyekwisha kuona mwisho wa safari. Huyu alikiri kwamba naye anatazama ukungu uleule, ila ana namba za waliopita njia hiyo.

Tukaongeza na aspirini ndogo, kwa sababu jirani yetu anaimeza na Baba aliitaka hiyo. Aspirini hupunguza viharusi vya namna hii kwa karibu moja ya tano tu: meusi tisa yanakuwa saba. Na kwa wazee haikosi mekundu yake. Baba aliyaangalia yale saba akayasukuma pembeni kwa kidole.

Kulikuwa na njia ya nne, dawa mpya kama apiksabani, isiyohitaji kupimwa INR. Katika jaribio lile la 2011 ililinganishwa na warfarini ikazuia viharusi zaidi, na waliovuja damu wakawa wachache zaidi. Kwa namba tu, inashinda. Daktari alituonya kwamba kwa wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, tatizo lililojaa kwetu, mambo ni tofauti: utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwa wagonjwa hao dawa za kundi la warfarini zilifanya vizuri kuliko rivaroksabani, moja ya dawa hizo mpya. Baba alikuwa amepigwa picha ya moyo na vali zake zilikuwa nzima, kwa hiyo dawa mpya ingemfaa. Tukauliza bei duka la dawa. Kaka, tuliyemweka kwenye simu ili asikie, alinyamaza, kisha akasema atalipa.

"Hapana," Baba akasema. "Dawa inayotoka Dar itakatika. Siku ukikosa kazi itakatika, na hutaniambia."

Kaka alitaka kubisha. Daktari akaingilia kwa upole: dawa hizo mpya zinaisha mwilini upesi, mtu akikosa siku chache kinga yake imeondoka. Kumbe hofu ya Baba ilikuwa na ushahidi upande wake. Yeye alikuwa akimfahamu mwanawe na maisha ya Dar es Salaam, daktari alikuwa akiifahamu dawa, na maarifa hayo mawili yalikutana mezani juu ya jalada la faili. Ningependa kila anayefundisha udaktari angekuwepo pale kuona dakika ile.

Kisha Baba akasema lake. "Damu siiogopi. Nimejikata kwa panga mara ngapi? Nikivuja nikafa, nimekufa. Ninachoogopa ni kitanda cha kaka. Nipeni ile ya panya." Alijua! Kundi la familia halina siri.

Lakini hakuwa amemaliza. Alikuwa na masharti, na masharti yale ndiyo yaliyomfanya aifiche dawa kwenye kopo. La kwanza ni mnafu. Aliambiwa apunguze mboga za majani, na kwa mzee wa Kibosho hilo ni kama kuambiwa apunguze kuwa Mchaga. Daktari akamwambia asiache. Mboga zina vitamini K inayopingana na dawa, kweli, lakini kinachovuruga kipimo ni kula rundo wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo. Ale kiasi kilekile anachozoea, dozi itapangwa kufuata mnafu wake. Nikakumbuka siku 21 za vidonge ndani ya kopo la misumari, na kwamba sehemu ya sababu ilikuwa mboga. Hakuna kipimo ambacho kingeonyesha hilo. Kuuliza tu.

La pili, asiitwe mjini siku inazotaka hospitali. Damu ipimwe siku anazoshuka na ndizi. Ikakubaliwa. La tatu lilitoka kwa daktari: diklofenaki ya magoti aliyokuwa akijinunulia iachwe kabisa, maana ikikutana na warfarini mekundu yanaongezeka. Hapo Baba alinung'unika kweli, na majadiliano ya magoti yakachukua muda kuliko ya moyo. Mbege wakaelewana kikombe cha Jumapili na si zaidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Moja liliniuma: wale watu wa Denmaki, Marekani na Kanada wanafanana vipi na mzee wa mlimani? Daktari mwenyewe alilitaja. Faida ya warfarini inategemea INR ikae mahali pake, na mahali ambapo kupima ni safari, haikai. Lakini si kwamba huku kwetu hakujahesabiwa kitu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia kila kiharusi wilayani Hai, jirani zetu kabisa, na sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya kama 109 kwa watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316. Wenyeji wa Hai walikubali kuhojiwa na kuhesabiwa wakiwa na huzuni zao, na kwa sababu yao leo mtu anaweza kusema kitu kuhusu kiharusi cha hapa bila kuazima kila namba ng'ambo. Nawaheshimu sana watu wale.

Nalifikiria pia lile la mwaka 2011, mkoa jirani wa Arusha, magari yalipojipanga kilomita na kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Simcheki aliyekwenda. Katika ukoo wetu wapo waliokwenda, na mtu mwenye mgonjwa ndani hawezi kuchekwa kwa kutafuta. Ninachokumbuka ni mazungumzo yetu: fulani wa Machame amepona, shemeji wa fulani amepona. Miezi ile yote hakuna hata mmoja wetu, mimi mwalimu nikiwemo, aliyeuliza wangapi walikunywa, wangapi kati yao walibaki walivyokuwa, na wangapi wasiokunywa walipata nafuu vilevile. Tulikuwa tukihesabu maharage ya rangi moja tu.

Swali hilo linafundishika. Wenzetu Uganda walijaribu kwenye shule za msingi 120, zaidi ya watoto 10,000, wakiwafundisha kwa muhula mmoja namna ya kupima madai kuhusu tiba: nani anasema, kalinganisha na nini, wangapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliofundishwa, asilimia 69 walifaulu mtihani wake. Wasiofundishwa, asilimia 27. Watoto! Tangu nisome hilo nimekuwa nikiingiza mifano ya dawa kwenye vipindi vyangu vya asilimia, na juzi mwanafunzi wangu mmoja alimuuliza mama yake mbele ya muuza mitishamba stendi, "Mama, kati ya wangapi?" Mama yake alinipigia simu kulalamika. Nilimwomba radhi, lakini moyoni nilifurahi.

Najua jibu la madaktari: muda hakuna. Siwezi kubishana na foleni ya watu arobaini. Ila nimeona mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 105 na watu zaidi ya 31,000 kuhusu zana za kumsaidia mgonjwa kuchagua, iwe ni kijitabu, video au karatasi yenye nukta kama maharage yetu. Waliozitumia walielewa zaidi na walikadiria hatari kwa usahihi zaidi. Mazungumzo na daktari yalirefuka kwa takriban dakika 2.6. Mezani kwetu palichukua zaidi, nakiri, kwa sababu ya magoti. Lakini pima dakika hizo na wiki tatu za vidonge ndani ya kopo, dawa iliyolipiwa, safari iliyofanyika, na damu iliyoendelea kutuama kwenye moyo wa mzee huku sisi wote tukiamini anatibiwa.

Na kuna jambo ambalo maandishi ya wenzetu wa ng'ambo hayaligusi vya kutosha. Wanaandika juu ya daktari na mgonjwa, watu wawili chumbani. Kwetu chumba kile kina watu sita, wanne wakiwa kwenye simu. Niliogopa daktari kumwamulia Baba, sikuona kwamba sisi watoto ndio tulikuwa tunamwamulia tangu mwanzo. Kaka kwa hela yake, shemeji kwa ujumbe wake, mimi kwa daftari langu. Siku ile ya Alhamisi ilifanikiwa kwa sababu daktari alikaa upande wa Baba, na kila tulipojibu swali aliloulizwa yeye, aligeuka akamuuliza tena.

INR yake ya kwanza ilikuwa 1.4. Ikaenda 2.3, ikatulia. Mwezi wa nne ikaruka hadi 4.1, kwa sababu tumbo lilimsumbua akanunua metronidazoli duka la dawa bila kutaja kwamba anatumia warfarini. Tulitishika, dozi ikasimamishwa siku mbili, ikashuka. Tangu hapo anatembea na kikaratasi ndani ya kofia kilichoandikwa jina la dawa yake, na mwenye duka kule njia panda anakifahamu.

Mwezi wa tatu Baba anatimiza miaka 75. Daktari ameshatuambia kwamba kwa ugonjwa huu umri huo unapandisha hatari ya kiharusi, na damu nayo inazidi kuwa rahisi kuvuja, kwa hiyo tutakaa tena tuhesabu upya, na Baba ana haki ya kubadili alichosema. Nimekwenda Mbuyuni kununua maharage mengine. Yale ya mwanzo yalikuwa juu ya kabati, ndani ya kopo la misumari, na wadudu wameshayatoboa.